Majivu ya Bondejema Yanamsubiri Waziri

Nchi ya Shwari haimo katika ramani yoyote utakayoikuta dukani, na wenyewe wanasema huo ndio usalama wake. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina Wizara ya Faraja na Uzinduzi. Hakuna kitu kinachohesabika kuwa kipo Shwari mpaka wizara hiyo ikizindue. Kisima kinaweza kujaa mpaka kikamwagika, lakini kama utepe haujakatwa, yale si maji, ni unyevunyevu, na anayekutwa akiuchota ana kesi ya kujibu.

Katika nchi hiyo aliishi mhandisi mmoja wa serikali aliyeitwa Sikudhani Kunambi, mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo na miguu isiyochoka. Chuoni alisomea madaraja na njia za maji. Aliporudi na shahada yake, serikali ilimpokea kwa furaha, ikampa kofia ngumu ya manjano, kisha ikamwagiza ajenge jukwaa. Lilikuwa jukwaa la kuzindulia daraja. Alilijenga imara kabisa, na daraja lenyewe halikujengwa kwa sababu saruji yote ilikuwa imeishia kwenye jukwaa. Waziri alisimama juu yake, akakata utepe, akawapongeza wananchi kwa kuvuka. Wananchi wakapiga makofi, wakakunja suruali, wakapita majini kwenda makwao.

Baada ya hapo ikawa jukwaa baada ya jukwaa. Sikudhani alipandishwa cheo, akawa Mhandisi Mkuu wa Majukwaa ya Taifa, na mama yake akawaita majirani wale pilau. Ni Sikudhani peke yake aliyekula kidogo. Alikuwa na tabia ya kuchora mitaro na makalavati mgongoni mwa kadi za mwaliko wa sherehe, halafu anazichana kabla mtu hajaziona.

*

Kiangazi kile, moto wa nyika uliwaka Mlima Mbawala, upepo ukausukuma chini mpaka kwenye mji mdogo wa Bondejema. Wilaya ilikuwa na gari la zimamoto, jipya kabisa, lakini lilikuwa bado halijazinduliwa. Dereva wake alikaa ndani, mikono kwenye usukani, akingoja Waziri, mpaka moshi ukamtoa. Gari likaungua na utepe wake mwekundu ukiwa umefungwa kwenye bampa.

Nyumba ziliteketea mtaa kwa mtaa. Watu walikimbilia mtoni na walichoweza kubeba. Mzee Kipanga na mkewe hawakuwahi, na walizikwa siku iliyofuata katika udongo uliokuwa bado una joto. Jengo lililopona ni zahanati, iliyoko bondeni chini ya barabara, na kandokando yake ndipo watu walipopiga mahema.

Serikali haikukaa kimya. Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Sifaeli Mtukuka, alifika na kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa," alisema. "Serikali yenu sikivu imepokea kwa masikitiko taarifa za ongezeko la joto katika eneo hili. Nawahakikishia kwamba mchakato wa kusafisha na kujenga upya umeshaanza kuanza. Waziri wa Faraja na Uzinduzi mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, atakuja kuchota koleo la kwanza la majivu. Kwa hiyo, kuanzia sasa ni marufuku kugusa majivu, kifusi, bati lililoungua au kitu chochote cheusi."

Mtu mmoja aliuliza kwa nini.

"Akija akakuta pasafi," Mheshimiwa alijibu kwa mshangao wa kweli, "atazindua nini?"

*

Sikudhani alitumwa Bondejema kutoa kile ambacho wizara iliita msaada wa kihandisi kwa jamii iliyoathirika. Alikuja na tingatinga, lori la mbao mpya zenye harufu ya mvinje, na zulia jekundu refu kama barabara ya mtaa. Tingatinga liliendeshwa na mtu mnene mwenye utani, Makwinya, aliyekuwa amesawazisha viwanja vya sherehe nchi nzima na hajawahi hata siku moja kuondoa kifusi.

Waliposhuka, walipokewa na Bi Tabu Nyenje. Huyu mama alikuwa na mgahawa kabla ya moto, na sasa ndiye aliyekuwa akiwapikia watu wa mahemani katika masufuria yaliyopona.

"Karibu, mwanangu. Umetuletea nini?"

"Shikamoo, mama. Msaada wa kihandisi."

Bi Tabu akalitazama lori, uso ukamkunjuka. "Marahaba! Mbao! Jamani, njooni mwone, tumeletewa mbao!"

Watu wakaanza kuchomoza kutoka mahemani. Sikudhani akahisi kofia ikimbana kichwa.

"Mama, hizo ni za jukwaa."

Bi Tabu aliziangalia mbao, akamwangalia yeye, akaangalia zulia.

"Basi lijenge kubwa," alisema hatimaye, "ili tuje tulale chini yake."

*

Sikudhani alipima uwanja wa jukwaa, kisha, kwa kuwa miguu ilikuwa imeshazoea kwenda isikotumwa, akapanda korongo linaloshuka kutoka mlimani. Alichokiona huko kilimkausha mate. Majani yote yalikuwa yameungua, mizizi imeungua, na udongo wa juu umegeuka kama sufuria iliyopakwa mafuta. Alimwaga maji ya chupa yake juu ya udongo huo. Maji hayakuzama. Yalijikusanya matone matone, yakateleza kushuka. Chini, pale korongo linapopita chini ya barabara, kalavati lilikuwa limezibwa na magogo meusi na mabati yaliyojikunja. Na upande wa pili wa barabara, mkabala na mdomo wa kalavati, ilikuwepo zahanati na mahema.

Hakuhitaji hesabu ndefu. Mvua ya kwanza kubwa ingeshuka na mlima mzima, matope na magogo na mawe, ipige barabara, iruke, iwaangukie watu.

Akaenda mbio kwa Mkuu wa Wilaya. Alimkuta chini ya turubai akijaribu kiti atakachokalia Waziri.

"Mheshimiwa, mvua ikinyesha kabla hatujazibua lile kalavati na kuweka vizuizi korongoni, zahanati itaondoka."

"Itaondoka kwenda wapi bila kibali?"

"Itazolewa na tope, Mheshimiwa. Na watu waliomo."

Mheshimiwa Sifaeli alikaa vizuri. "Mhandisi Kunambi. Kwanza, mvua haijatangazwa. Pili, hayo magogo ni sehemu ya kifusi, na kifusi kinamsubiri Waziri. Tatu, hilo unalolisema linahitaji upembuzi yakinifu, na upembuzi yakinifu unahitaji semina elekezi, na wadau wa semina bado hawajaainishwa. Nne, nani alikutuma mlimani? Wewe ni mtu wa majukwaa. Jukwaa haliko mlimani."

"Lakini, Mheshimiwa..."

"Unamkumbuka Mhandisi Chilongola?"

Sikudhani alimkumbuka. Chilongola alikuwa ametengeneza bomba lililopasuka bila kusubiri sherehe ya kupasuka kwake. Alihamishiwa Kituo cha Taifa cha Kupima Mawimbi ya Bahari, ambacho kiko katikati ya jangwa, na mpaka leo hutuma ripoti kwamba bahari ni tulivu.

"Namkumbuka," alisema.

"Basi kajenge."

Akaenda akajenga. Nasema hivyo bila kumlaumu, maana wengi wetu tungejenga. Aliinua nguzo, akapigilia mbao, akapanga ngazi, na kila alipoinua macho aliona wingu dogo juu ya Mlima Mbawala. Aliposikia kwamba Waziri amechelewa kwa sababu anazindua mkasi mpya wa kukatia tepe, hakucheka. Aliposikia kwamba amechelewa tena kwa sababu ule mkasi umepotea na inabidi azindue kamati ya kuutafuta, aliacha nyundo ikamdondoka.

*

Mvua iliyokuja alasiri ile ilikuwa ndogo, mvua ya kutuliza vumbi. Lakini korongo lilitoa sauti kama mtu anayesafisha koo, kalavati likashindwa kumeza, na tope jeusi likapanda barabara, likaanza kushuka upande wa pili.

Sikudhani alikuwa wa kwanza kuingia zahanati. Tope lilikuwa limemfika vifundoni, zito, lenye harufu ya moshi. Ndani kulikuwa na mwanamke aliyejifungua asubuhi, kitanda chake kikianza kusogea chenyewe kuelekea mlangoni huku amemkumbatia mtoto, macho yamemtoka, hapigi hata kelele. Sikudhani alikishika kitanda upande mmoja, Bi Tabu akakishika upande wa pili, wakakipandisha juu ya matofali, wakasimama hapo wamekikamatia mpaka tope liliposimama.

Mvua ikakatika. Mtoto akapiga chafya.

"Hii ilikuwa ndogo," Bi Tabu alisema akihema. "Ikija yenyewe?"

"Haitabaki zahanati. Wala mahema."

"Na dawa yake unaijua?"

"Naijua."

"Mashine unazo?"

"Ninazo."

"Sasa unangoja nini, mwanangu?"

Sikudhani akafungua mdomo. Neno lilikuwa ni moja tu, ruhusa, na alikuwa amelitamka maisha yake yote ya kazi bila shida. Akamtazama yule mwanamke kitandani aliyekuwa akimfuta mtoto tope la paji la uso kwa ncha ya khanga, na neno likakataa kutoka.

Akatoka nje, akaenda moja kwa moja kwenye tingatinga.

"Washa," alimwambia Makwinya.

"Tunaenda kusawazisha uwanja wa jukwaa?"

"Tunaenda korongoni."

Makwinya alizima tabasamu. "Bosi, mimi nina watoto wanne."

"Najua. Shuka, basi. Nielekeze tu inavyowashwa."

Alipanda, akakaa, akazungusha ufunguo, akashika mpini wa kwanza alioukuta. Tingatinga likanguruma na kuruka kama chura. Makwinya akashika kichwa.

"Acha, acha! Utanivunjia klachi!" Akapanda, akamsukuma kando kwa bega. "Sogea huko. Kama ni kufukuzwa kazi, tufukuzwe na mashine ikiwa nzima."

*

Walianza na kalavati. Makwinya alivuta magogo kwa mnyororo, watu wakayatoa mabati kwa mikono. Sikudhani alipanda korongo na kila mwenye nguvu, akawaonyesha mahali pa kuweka vizuizi, ngazi kwa ngazi, ili maji yashuke yakiwa yamechoka. Vizuizi vilihitaji mbao.

Wote waligeuka wakalitazama jukwaa.

"Lingoeni," alisema Sikudhani. "Anzeni na ngazi."

Nimeambiwa na waliokuwepo kwamba ilikuwa mara ya kwanza kusikia mhandisi wa serikali akicheka kwa sauti. Bi Tabu na wenzake walilikatakata zulia jekundu, wakalishona mifuko, wakaijaza mchanga. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Shwari, zulia la wizara likatandikwa mahali ambapo lingemsaidia mtu.

Mkuu wa Wilaya alifika na askari wa lori zima, amevaa viatu vyeupe.

"Simamisheni usafi huu mara moja!"

Watu wakasimama. Sikudhani alishuka kutoka korongoni, matope mpaka kiunoni. Alikuwa na uongo tayari mdomoni, na ulikuwa uongo mzuri: angesema hayo ni maandalizi ya uwanja, na Mheshimiwa angefurahi kuuamini, na kila mtu angerudi nyumbani na cheo chake.

"Ni usafi, Mheshimiwa," alisema. "Tena tumechelewa."

"Unakiri?"

"Nakiri. Na kesho nitakiri tena."

Mheshimiwa Sifaeli aliwageukia askari wake. "Shikeni makoleo yote! Sasa hivi!"

Askari wa Shwari ni watu watiifu sana. Sajenti wao, aliyekuwa na dada yake mahemani, alipiga saluti, akashika koleo. Askari wengine nao wakashika makoleo. Sajenti akatazama koleo lake, akatazama mtaro wa kupitisha maji mbali na zahanati, uliokuwa umechimbwa nusu, na kwa kuwa hakuna amri iliyomwambia afanye nini nalo baada ya kulishika, akaanza kuchimba.

"Sivyo!" alipiga kelele Mheshimiwa. "Sivyo hivyo!"

"Tunaendelea kushika, Mheshimiwa!" alijibu Sajenti, na udongo ukapita karibu na viatu vyeupe.

*

Mvua yenyewe ilikuja siku mbili baadaye, wakati wa chakula cha mchana, na haikuwa na utani. Mlima ulipotea. Korongo lilinguruma mpaka ardhi ikatikisika chini ya mahema, na Sikudhani alisimama juu ya barabara, analoa, hana la kufanya tena. Hilo ndilo gumu kuliko yote katika kazi ya uhandisi. Alikiona kizuizi cha kwanza kikijaa, kikamwaga. Cha pili kikajaa. Cha tatu, kilichojengwa kwa mbao za mimbari ya Waziri, kikapinda, watu wakapiga yowe, halafu kikashika. Maji yakaingia kalavati yakiwa meusi na mazito, yakatokea upande wa pili, yakafuata mtaro waliouchimba, yakaipita zahanati kwa mbali na kwenda zao mtoni.

Makwinya alianza kuimba. Bi Tabu alikaa chini kwenye tope akalia, si kwa huzuni. Sikudhani hakulia wala hakuimba. Alihisi tu mikono yake, kwa mara ya kwanza, kuwa ni yake.

Baada ya hapo nani angewazuia? Walizoa majivu, wakachambua mabati yaliyofaa, wakanyoosha misumari. Sikudhani alipima viwanja vipya mbali na korongo, akawafundisha mafundi kufunga kenchi za paa kwenye nguzo ili upepo usizinyakue. Kabla majani hayajaanza kuchipua mlimani, nyumba za kwanza zilikuwa zimeshapauliwa.

Hapo ndipo Waziri alipofika.

*

Aliteremka kutoka gari la katikati ya msafara, mtu mfupi mwenye suti ya rangi ya maziwa, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Majivu yako wapi?"

Mkuu wa Wilaya alisogea mbele. "Yametoweka, Mheshimiwa Waziri. Ni hujuma."

"Yarudishwe."

Nawe msomaji usidhani natia chumvi. Lori lilitumwa kwenye matanuri ya matofali ya wilaya jirani, likarudi limejaa majivu, na Sikudhani akaitwa mbele ya Waziri.

"Mhandisi," alisema Waziri kwa sauti ya baba, "chukua tingatinga, uyatandaze hayo katikati ya mji, pale kwenye nyumba, yakae kiasili. Kisha mimi nitazindua, na makosa yako tutayasahau. Utabaki na cheo chako. Hata nyota nyingine inaweza kuongezeka."

Mji mzima ulikuwa unamtazama. Sikudhani alichomoa ufunguo wa tingatinga mfukoni, akamkabidhi Bi Tabu. Bi Tabu akautia kifuani, ndani kabisa, akafunga khanga juu yake, kisha akamgeukia Mkuu wa Wilaya kwa upole.

"Karibu uuchukue."

Mheshimiwa Sifaeli alitazama angani.

Ikabidi lori limwage majivu pembeni mwa barabara, lundo moja dogo la aibu, Waziri akapanda juu ya kreti mbili za soda zilizofunikwa kitambaa, akawashiwa kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Itifaki imezingatiwa! Kabla ya yote, namvua madaraka yake, kuanzia dakika hii, aliyekuwa Mhandisi Mkuu wa Majukwaa, kwa kosa la kusafisha kabla ya wakati!"

Alisubiri makofi. Sikudhani akavua kofia ya manjano, akaiweka juu ya lile lundo la majivu, akaondoka. Alitembea mpaka kwenye nyumba ya Bi Tabu iliyokuwa haijamaliziwa, akapanda ngazi, akachukua nyundo, akapiga msumari.

"Serikali yenu," Waziri akaendelea, "imeona..."

Msumari wa pili. Kisha kutoka paa la jirani, Makwinya, na mkono wake ulikuwa mzito. Kisha fundi mwingine, kisha Sajenti, kisha mtaa wote ukapanda juu, na wasio na nyundo wakagonga kwa mawe. Waziri akapaza sauti. Kipaza sauti kikapandishwa mpaka kikapiga mluzi. Alionekana mdomo ukifunguka na kufungika, mkono ukipaa na kushuka, lakini katika Bondejema yote hakuna neno lake hata moja lililomfikia mtu. Hatimaye alichota majivu kidogo kwa koleo lililopakwa rangi ya dhahabu, upepo ukamrudishia usoni, akaingia garini. Usiniulize redio ya taifa ilisema nini. Ilisema alishangiliwa kwa shangwe za kipekee zilizotikisa mabati.

Mkuu wa Wilaya alibaki nyuma kidogo, suti imejaa vumbi.

"Mtajuta," alimwambia Sikudhani akiwa chini ya ngazi. "Zitabomolewa zote hizi. Nitarudi na watu."

"Njoo na watu," Sikudhani alimjibu bila kuacha kugonga. "Ila waje na makoleo. Kuna mtaro wa pili haujaisha."

*

Asubuhi iliyofuata walikuja watu kwa miguu kutoka Mtandale, kijiji kilicho upande wa pili wa mlima. Nako moto ulipita, nako kulikuwa na korongo juu yao, na jukwaa limesimama katikati ya majivu likimngoja Waziri. Walisimama mbele ya nyumba ya Bi Tabu wakiwa na haya, wamevua kofia. Mkubwa wao akasalimia, akauliza kama kuna mhandisi hapa.

"Hayupo," alisema Sikudhani. "Alifukuzwa jana. Mnataka nini?"

"Tulitaka kumwuliza, ruhusa ya kusafisha huombwa kwa nani?"

Sikudhani aliweka kikombe cha chai chini.

"Makoleo mnayo?"

"Tunayo."

"Na hilo jukwaa lenu, mbao zake ni nzima?"

Wale watu wakatazamana. Mmoja wao, mwanamke mwenye nyusi zilizoungua, akaanza kutabasamu taratibu.

"Nzima kabisa," alisema.

Bi Tabu akageuka ukutani kwa heshima, akachomoa ufunguo, akamrushia Makwinya. Tingatinga likakohoa, likawaka, likashika njia ya Mtandale, na watu wa Bondejema wakalifuata nyuma, kila mmoja na kitu cha kuchimbia begani. Kwenye kizuizi cha barabara, askari kijana aliinua mkono.

"Simama! Mna kibali?"

"Hatuna," alisema Sikudhani.

Askari alitazama msafara ule mrefu, hauishi, hadi nyuma kwenye kona ya mlima. Kisha akainua mti wa kizuizi, akasogea kando.

"Piteni upande wa kushoto," alisema. "Kulia pana shimo."